Nafasi ya Utoshelevu wa Nishati katika Ufundishaji wa Lishe ya Michezo kwa Wanariadha Vijana

Ufundishaji wa lishe ya michezo kwa wanariadha vijana aghalabu huanza na makundi ya vyakula: wanga, protini, mafuta, vitamini na madini. Mwanafunzi huyakariri, huyajibia mtihani, kisha alfajiri huenda mazoezini bila kula chochote. Swali la msingi huwa limerukwa, yaani iwapo chakula anachokula kwa siku kinakidhi mahitaji ya mazoezi na ya ukuaji kwa pamoja.

Hoja hii inadhihirika katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Onywera na wenzake (2004), waliochunguza kwa siku 7 mlo wa wanariadha 10 mahiri wa mbio ndefu, walibaini kwamba takribani asilimia 76 ya nishati yao ilitokana na wanga, ugali ukiwa miongoni mwa vyanzo vikuu, na kwamba nishati waliyoila ilikuwa pungufu kuliko waliyoitumia. Hao walikuwa watu wazima waliokaribia mashindano. Kijana wa miaka 15 anayeiga mlo na ratiba yao bado anajenga mifupa, na kipindi hicho cha ujenzi hakirudi.

Nishati isipotosha, mwili hubana matumizi kwa kupunguza utendaji wa homoni za uzazi na ujenzi wa mifupa. Kwa msichana, hedhi huweza kuvurugika au kukoma. Kuichukulia hali hiyo kuwa ishara ya mazoezi makali yenye mafanikio ni kosa la hatari, kwani huficha tatizo hadi mfupa upate ufa. Wavulana nao hawakusalimika. Ndiyo maana Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwaka 2014, iliipanua dhana hiyo, ambayo awali ilihusishwa na wanawake pekee.

Suala la madini ya chuma nalo hufundishika vyema zaidi kupitia mazoea kuliko majedwali. Chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wa chuma kilichomo katika maharagwe na mboga za majani; chungwa au pera huuongeza. Kuisogeza chai mbali na mlo hakugharimu fedha. Hata hivyo, mwanafunzi wa bweni hapangi saa ya chai wala ya uji. Hivyo basi, somo linalomlenga yeye peke yake, bila kocha, mpishi na mwalimu mwenye ratiba, humfundisha asichoweza kukitekeleza.