Safari za tanga kati ya visiwa vya Lamu: upepo, maji na usalama wa abiria

Katika Kaunti ya Lamu, safari nyingi hupita majini. Mgeni anayeshuka ndege kiwanja cha Manda hulazimika kupanda chombo ili afike mjini. Mkazi wa Faza au Kizingitini anayefuata matibabu Lamu au shughuli za ofisi Mokowe, naye huvuka bahari. Boti za injini zimechukua sehemu kubwa ya usafiri wa kila siku, lakini tanga halijaondoka. Wavuvi wangali wanatweka, majahazi yangali yanabeba mawe na mchanga wa ujenzi, na mashua za watalii huzunguka visiwa kwa siku moja au hata kulala njiani hadi Kiwayu.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo kila abiria na kila mwenye chombo anafaa kuyajua kabla ya safari: upepo unavuma kutoka wapi, maji yanajaa lini, ni njia gani hufungika, na ni nani mwenye neno la mwisho hali inapobadilika.

Misimu ya pepo

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Ni upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni kwa karne nyingi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba, na ndio uliowarudisha mabaharia hao kwao. Kati ya misimu hii kuna kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo hugeuka mara kwa mara na huwa mwepesi.

Kusi ina nguvu zaidi kati ya Juni na Agosti. Miezi hiyo bahari ya nje ya miamba huchafuka, na wavuvi wengi wa vyombo vidogo hubaki ndani. Kaskazi kwa kawaida huwa na mawimbi madogo kuliko Kusi, na ndiyo sababu safari nyingi za burudani hupangwa katika msimu huo. Hata hivyo, nayo huweza kupanda ghafla, hasa mchana.

Upepo pia hubadilika ndani ya siku moja. Alfajiri mara nyingi kuna umande, upepo mwepesi utokao bara. Jua linapopanda, ardhi hupata joto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi huinuka, na ile ya baharini huingia kujaza nafasi yake. Kwa hiyo mchana upepo huongezeka. Nahodha anayetaka safari tulivu hung'oa nanga mapema.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari pepo zinapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Tahadhari hiyo ikitangazwa, mashua ndogo ya tanga haina kazi baharini.

Maji kujaa na kupwa

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25. Ndiyo sababu saa ya maji kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Aliyevuka jana saa nane bila kukwama asidhani kwamba leo saa nane njia iko vilevile.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja na kuleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hufika mita 3 na zaidi. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua hadi karibu mita 1. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri kuelekea jioni, huku yakipwa kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo safari ya saa nne au saa tano asubuhi wakati wa bamvua ndiyo inayoelekea zaidi kukwama kwenye tope au fungu la mchanga.

Maji hayapandi kwa kasi moja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huleta sehemu 1 kati ya 12 ya kina kinachoongezeka, ya pili sehemu 2, ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja, ya tano sehemu 2, na ya sita sehemu 1. Maana yake ni kwamba nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati, na wakati huo ndipo mkondo huwa mkali zaidi kwenye njia nyembamba. Kupwa hufuata mpango huohuo.

Njia zinazofungika

Baadhi ya njia za Lamu hupitika tu maji yakiwa yamejaa:

• Mkanda, njia iliyopita katikati ya mikoko kati ya Manda na bara, ndiyo njia ya ndani ya kuelekea Pate. Maji yakipwa, chombo kilichozama sana hukaa chini. Anayeikosa hulazimika kusubiri au kuzunguka nje ya Manda, na wakati wa Kusi kali njia ya nje haifai kwa chombo kidogo.

• Takwa, magofu ya mji wa kale ulioko Manda, hufikiwa kwa hori lenye mikoko. Wageni wakichelewa magofuni maji yakaanza kupwa, mashua hubaki kwenye tope hadi maji yanayofuata. Saa ya kuondoka ipangwe kabla ya kuingia.

• Siyu na mji wa Pate nazo hutegemea maji kujaa. Wasafiri wengi hushukia Mtangawanda, ambako chombo hufika kwa urahisi zaidi, kisha wakaendelea kwa nchi kavu.

• Mlango wa Shela, ambapo mfereji kati ya Lamu na Manda unafunguka baharini, una hatari ya namna nyingine. Kusi inaposukuma mawimbi kuingia huku maji yanayokupwa yakitoka, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Chombo kilichokuwa shwari mbele ya Shela huweza kujaa maji dakika chache baadaye.

Kwenda si sawa na kurudi

Abiria wengi hushangaa safari ya kwenda inapochukua nusu siku na ya kurudi ikachukua siku mbili. Jibu liko kwenye upepo.

Kiwayu iko yapata kilomita 50 kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu. Wakati wa Kusi mashua huenda Kiwayu upepo ukiwa nyuma. Kwa mwendo wa noti 5, yaani kama kilomita 9 kwa saa, hufika kwa muda wa saa sita hivi. Kurudi ni kukabili upepo. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Ni lazima kibishe, yaani kiende upande huu, kigeuzwe, kiende upande wa pili. Chombo kinachoweza kukaribia upepo kwa nyuzi 60 tu husafiri kilomita 2 kwa kila kilomita 1 ya maendeleo. Kilomita 50 zinakuwa 100, na mwendo wenyewe huwa wa polepole kwa sababu mawimbi yanampiga usoni. Mwanga wa siku moja hautoshi. Wakati wa Kaskazi hesabu hugeuka: kwenda ndiko kugumu, kurudi ni raha.

Kubisha pia ndicho kipindi cha hatari zaidi ndani ya mashua. Tanga letu limefungwa kwenye foromali, na mara nyingi ili kugeuza upande, foromali husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti. Kwa muda huo tanga halina utulivu na kamba hupita kwa nguvu. Nahodha akisema "inama" au "hamia upande wa pili", abiria atii papo hapo. Uzito wa watu ndio unaozuia chombo kulala upande upepo unapozidi. Na kamba ya demani, ile inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, isifungwe fundo la kudumu. Upepo wa ghafla ukija, baharia aweze kuiachia mara moja ili tanga limwage upepo.

Nani ampishe nani

Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini hutumika hata kati ya Mokowe na Lamu. Kwa kawaida chombo cha injini humpisha chombo cha tanga. Vyombo viwili vya tanga vikikutana, kila kimoja kikiwa na upepo upande tofauti, kinachopokea upepo kushoto ndicho kinachopisha. Vyote viwili vikipokea upepo upande mmoja, kilicho upande upepo unakotoka humpisha mwenzake.

Lakini tanga si ruhusa ya kupita popote. Tangu gati la kwanza la Bandari ya Lamu lianze kazi mwaka wa 2021, meli kubwa hupita mlango ulio kati ya Manda na Pate. Meli hizo haziwezi kutoka kwenye mfereji wao wenye kina, na haziwezi kusimama ghafla. Sheria inakataza chombo cha tanga, au chombo chochote chenye urefu chini ya mita 20, kuzuia njia ya meli ya namna hiyo. Wanaovuka kwenda Mtangawanda watazame pande zote mbili na wavuke kwa njia fupi iwezekanavyo.

Usiku, mashua ndogo isiyoweza kuwa na taa za kawaida lazima iwe na tochi au taa nyeupe iliyo tayari kuonyeshwa mapema. Boti ya mwendo kasi haiwezi kukwepa tanga isiloliona.

Kabla ya kung'oa nanga

Mamlaka ya Masuala ya Baharini ya Kenya, KMA, ndiyo yenye jukumu la kukagua usalama wa vyombo na kuvipa vibali. Abiria ana haki ya kuuliza kama chombo kimekaguliwa. Zaidi ya hilo, kuna mambo ambayo jicho lolote linaweza kuyaona:

• Kuna jaketi ya kuokolea maisha kwa kila mtu, na ya watoto ni ya kipimo chao? Jaketi iliyofungiwa chini ya mizigo haimwokoi mtu.
• Chombo kimezama kiasi gani? Mbao zinazobaki juu ya maji zikiwa chache gatini, hazitatosha mlangoni.
• Maji ya ngama ni mengi? Mashua ya mbao huvuja kidogo, lakini ikiwa baharia anafua maji kabla ya safari kuanza, kalfati imechoka.
• Kuna nanga, kamba ya akiba, kasia au pondo, ndoo, maji ya kunywa na simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingia maji?
• Mtu aliyebaki nchi kavu anajua chombo kinakwenda wapi na kinatarajiwa saa ngapi?

Jambo la mwisho linahusu abiria zaidi kuliko nahodha. Safari mbaya nyingi huanza kwa shinikizo: mgeni anayeogopa kuikosa ndege, familia inayoharakisha kwenda harusini, mfanyabiashara mwenye mzigo unaooza. Nahodha anajua hali si nzuri, lakini anaogopa kukosa nauli au jina. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Akisema safari ingoje, ingoje. Ili neno hilo lisimgharimu peke yake, pande mbili zipatane kabla ya malipo: hali ya hewa ikiharibika, fedha zitarudishwa, au safari itasogezwa siku nyingine. Maelewano ya dakika tano gatini humwondolea nahodha kishawishi cha kuhatarisha watu kumi.

Ndani ya hifadhi

Wanaofika Kiwayu huingia Hifadhi ya Kitaifa ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1979 na kusimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Wageni hulipa ada ya kuingia. Nanga itupwe kwenye mchanga, kamwe isitupwe juu ya matumbawe, kwa kuwa tumbawe lililovunjwa kwa dakika moja huchukua miaka mingi kukua tena, na hapo ndipo samaki wetu huzaliana. Kasa na nguva wanalindwa na sheria. Taka zote zirudi na chombo.

Kukitokea ajali

Chombo kikipinduka, watu washike chombo chenyewe. Mashua ya mbao kwa kawaida haizami kabisa, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu anayeogelea. Asiachwe mtu ajaribu kuogelea pwani peke yake, hata kama inaonekana karibu, maana mkondo una nguvu kuliko mwogeleaji.

Wenye redio ya baharini waite kwenye chaneli 16. Wenye simu wapige 999 au 112, na wataje kwanza mahali walipo, idadi ya watu na aina ya chombo. Taarifa hufikishwa kwa Walinzi wa Pwani ya Kenya, kikosi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2018, na kwa kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Mara nyingi, hata hivyo, wa kwanza kufika ni wavuvi walio karibu. Kwa hiyo kila mwenye chombo aonaye kitambaa kikipepewa au tochi ikimulika bila mpango, asogee kutazama.