Bia yenye harufu ya pilau: soma lebo kwanza, ndipo uionje

Ukitembea Mtaa wa Uhuru kutoka Kariakoo kuelekea Ilala, hutachoka kabla ya kufika Mchikichini, yalipo makao ya Kampuni ya Bia Tanzania, TBL. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1933, ikaingia mikononi mwa Serikali baada ya Azimio la Arusha, kisha ikabinafsishwa mwaka 1993. Tangu mwaka 2016 mwenye hisa nyingi ni AB InBev, ambayo makao yake makuu yako Leuven, Ubelgiji. Kwa hiyo anayekunywa Safari au Kilimanjaro pale Gerezani ana undugu fulani na Wabelgiji, hata kama hajui.

Lakini bia ambazo Wabelgiji wenyewe hujivunia si hizo. Safari, Kilimanjaro na Serengeti ni laga, bia inayochachushwa polepole kwenye ubaridi hadi iwe safi na nyepesi mdomoni. Nyingi za Ubelgiji huchachushwa kwenye joto kubwa zaidi, kwa hamira yenye harufu kali, na baadhi hutengenezwa ndani ya kuta za watawa, kama Chimay na Westmalle. Mwaka huohuo wa 2016, UNESCO iliuweka utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu.

Nyumba nyingi za Kariakoo hazinywi kabisa, kwa imani au kwa kutaka tu, na leo hakuna anayebembelezwa aanze. Ila chupa hizi zinafika mjini. Shemeji anarudi kutoka Ulaya na mbili kwenye begi, au mtu anaiona kwenye rafu ya supamaketi na kuipeleka kwenye sherehe. Ni chupa ndogo, kilichomo ni kitamu, na haraka mtu anasema: “Hii ni laini, mpe shangazi.” Hapo ndipo familia inapoingia kwenye hesabu.

Geuza chupa, utafute asilimia ya kilevi. Kilimanjaro ni asilimia 4.5, Safari ni 5.5. Duvel ya Ubelgiji ni 8.5 na Chimay ya bluu ni 9. Sasa zidisha kwa ujazo. Kilimanjaro ya nusu lita ina kama mililita 22 na nusu za kilevi kitupu. Duvel ya mililita 330, chupa inayoonekana kama ya mtoto ukiiweka kando yake, ina mililita 28, yaani imeipita hata Safari ya nusu lita. Chimay ya bluu ya mililita 750, ile yenye kizibo kama cha mvinyo, ni sawa na Kilimanjaro tatu kamili. Si kila bia ya huko ni nzito hivyo. Hoegaarden, bia nyeupe ya ngano, ni asilimia 4.9 tu. Ndiyo maana jibu liko kwenye lebo, kwa sababu ulimi hautakwambia.

Mwili wa mtu mzima huondoa takriban mililita nane hadi kumi za kilevi kitupu kwa saa, na kahawa au maji ya kuoga havibadilishi kitu. Baba aliyemaliza chupa mbili ndogo za Duvel saa mbili usiku bado ana kilevi mwilini saa saba. Kama ndiye mwenye ufunguo wa gari, na watoto wamelala kiti cha nyuma kurudi Mbagala, atafute dereva.

Tuje kwenye kuionja, maana kuna raha ya kweli hapo, na anayeijua raha hiyo huwa hanywi nyingi.

Baa zetu mhudumu huuliza: ya moto au ya baridi? Bia hizi hutaka katikati. Baridi kali ya friji inafunga harufu, na ya moto kwa joto la Dar inapandisha kilevi puani. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika kumi au kumi na tano. Glasi pana ya mvinyo inafaa. Ioshe na kuisuuza vizuri, maana mafuta kidogo ya chipsi au mabaki ya sabuni huua povu, na povu ndilo linaloshika harufu. Chupa moja watu wazima wawili au watatu wanaweza kugawana, nusu glasi kila mmoja.

Kabla ya kunywa, nusa. Wengi hukuta karafuu, kisha ndizi mbivu, na hushangaa kusikia kwamba havikuwekwa. Hamira yenyewe ndiyo hutoa harufu hizo wakati wa kuchacha. Kwa bia nyeupe ya ngano mambo ni tofauti kidogo, kwani huko huwekwa kweli mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Mtu aliyekulia jikoni penye pilau, au aliyezoea meza za viungo Kariakoo, ana pua iliyokwisha kufunzwa. Huhitaji maneno ya Kizungu kusema bia hii ina hiliki, ile ina sukari guru iliyoungua kidogo.

Ndizi hiyo inanikumbusha mbege. Wachaga huchemsha ndizi zenyewe, huzichachusha, huchanganya na kimea cha ulezi, na wengine hutia gome la msesewe kuleta uchungu. Mbelgiji anatafuta uchungu huo kwenye maua ya hopsi. Mzee wa Moshi anayeonja mbege na kusema bado changa, au imepita siku yake, anafanya kazi ileile ya waonjaji wa Ulaya wenye karatasi na kalamu. Tena anaifanya bila mbwembwe.

Sasa piga funda dogo, lizungushe mdomoni. Utamu ukija mbele, subiri uone unaondokaje. Bia nzuri ya aina hii huanza tamu, hujaa mapovu madogo, kisha humalizia kavu na uchungu kidogo, ukatamani funda jingine. Mbaya hubaki imenata kama sharubati. Angalia pia koo: ukihisi moto kama wa konyagi, mtengenezaji hakuificha kazi yake vizuri. Aliye fundi huficha kilevi kabisa. Sifa yake ni hiyo, na hatari yake kwa mnywaji ni hiyohiyo.

Hali ya hewa yetu nayo ina neno. Chupa iliyokaa juani hupata harufu mbaya ya kuoza, na iliyokaa miezi kwenye stoo yenye joto huonja kama karatasi ya boksi. Angalia tarehe, chukua iliyokuwa kivulini. Tope jepesi chini ya chupa si dalili ya kuharibika, ni hamira. Na ukali wa siki ni kosa kwa bia nyingi, isipokuwa lambiki, ambayo huchachushwa na vijidudu vya hewani na hutakiwa iwe chachu.

Limebaki la watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, lakini bado tunaona anatumwa dukani na pesa mkononi, na mjomba anampa “povu tu” ili watu wacheke. Povu nalo lina kilevi. Bia inayonukia ndizi na karafuu, tamu mbele, ndiyo hasa mtoto wa miaka mitatu ataimaliza akiikuta mezani asubuhi ya baada ya sherehe. Kilevi kinaweza kushusha sana sukari ya damu ya mtoto mdogo, na huenda yeye asiyumbe wala kupiga kelele kama mtu mzima. Anaweza kuonekana tu ana usingizi. Akilegea hivyo na glasi iko tupu, usimlaze wala usimtapishe: mpeleke kituo cha afya, na ubebe ile chupa ili daktari asome namba iliyoandikwa.

Glasi zimwagwe na kuoshwa usiku uleule, hata kama wageni wamechelewa kuondoka.