Jiwe la kung'aa siyo la kujengea

Sisi wa Wamaza tunalijua: jiwe la njano, linang'aa sana, lakini ukilipiga nyundo linavunjika vipande, dhahabu ya kweli inatandazika. Kwa Kifaransa ni "or des fous". Wachimbaji wa zamani wa Cornwall, kule Uingereza, waliliita "mundic". Kwanza walilitupa, karne ya 19 likauzwa kwa kutengeneza asidi ya sulfuri. Mabaki ya mashimo yao wakayachanganya na simenti, wakajenga manyumba mpaka miaka ya 1950. Lakini jiwe hilo likipata mayi na hewa linatoa asidi: kuta zikapasuka, nyumba zikapoteza bei. Wababa na wamama, mawe ya shimoni tuyavunje kwanza, tuyaangalie. Yakiwa na mung'ao huo, tusiyaweke kwenye msingi.