Jino Lililoacha Kuuma Huenda Halijapona

Maumivu ya jino hayana adabu. Mara nyingi huja usiku, wakati zahanati imefungwa, yakamfanya mtu mzima azunguke uani ameshika shavu hadi alfajiri. Anasukutua kwa maji ya chumvi, anauma karafuu, anameza vidonge. Baada ya siku chache maumivu yanatoweka. Mgonjwa anashukuru na kurudi shambani. Miezi kadhaa baadaye anaamka uso umevimba. Katika toleo hili tutaeleza kinachotokea katikati ya siku hizo mbili, kwa maana hapo ndipo wengi hudanganyika.

JINO LIMEUMBWAJE?

Nje, jino lina gamba lililo gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Chini yake kuna tabaka la pili, lisilo gumu kiasi hicho. Katikati mna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho huteremka ndani ya mizizi kwa vijia vyembamba, hadi kwenye ncha ya mzizi iliyozama katika mfupa wa taya. Meno ya mbele kwa kawaida yana mzizi mmoja. Magego ya chini huwa na miwili, na ya juu mitatu.

UGONJWA HUANZAJE?

Watu husema jino limeliwa na mdudu. Kwa kweli hakuna mdudu wa kuonekana kwa macho. Ni bakteria wanaoishi mdomoni. Hutumia sukari tunayokula na kutoa asidi inayomomonyoa jino kidogo kidogo.

Shimo likiwa kwenye gamba tu, huhisi kitu. Likifika tabaka la pili, maji baridi na vitu vitamu hushtua jino kwa kitambo kifupi. Huo ndio wakati mzuri wa kwenda kwa daktari, kwani mara nyingi kuziba jino hutosha. Shimo likikaribia kiini, kiini huvimba. Kidole kikivimba kina nafasi ya kutanuka, lakini kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu. Ndiyo sababu maumivu huwa makali, hudumu, na huzidi ukinywa chai ya moto au ukilala.

Mwishowe kiini hufa. Mishipa ya fahamu iliyokufa haiwezi tena kupeleka habari ya maumivu, basi jino hunyamaza. Lakini bakteria wamebaki ndani. Hupita kwenye ncha ya mzizi, na usaha hujikusanya ndani ya taya. Dalili zake ni jino kuuma unapotafuna, kugeuka rangi, au kipele kwenye ufizi kinachopasuka na kurudi tena. Hali kadhalika, jino lililogongwa katika ajali au mchezo laweza kufa kiini bila kutoboka.

LAWEZA KUTIBIWA?

Ndiyo. Wengi hukimbilia vidonge vya kuua bakteria. Vidonge hivyo husafiri kwa njia ya damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Huweza kusaidia uvimbe unaposambaa, lakini chanzo hubaki palepale.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kusafisha mizizi. Daktari hupiga picha ya eksirei, hukuchoma sindano ya ganzi, kisha hutoboa jino kwa juu. Kwa vifaa vyembamba kama sindano huondoa kiini kilichooza, husafisha kila kijia kwa dawa, na kukijaza kwa kitu kinachofanana na mpira ili bakteria wasirudi. Kazi hii huweza kuchukua ziara moja hadi tatu. Mwishoni jino huzibwa. Gego mara nyingi huhitaji kuvikwa kofia, kwani jino lililotobolewa hivyo huvunjika kwa urahisi. Wengi huogopa, lakini ganzi ikishika vizuri kazi yenyewe haiumizi sana. Huuma kiasi siku chache zinazofuata.

Tiba ya pili ni kung'oa. Kusafisha mizizi hakupatikani kila mahali na gharama yake ni kubwa kuliko kung'oa. Asiyeweza kuipata asione haya kung'olewa jino, kwani hiyo nayo ni tiba kamili. Kosa ni kuliacha jino bovu mdomoni kwa kuwa limenyamaza.

HATARI USIYOPASWA KUINGOJEA

Usaha waweza kusambaa chini ya taya na shingoni, ukabana njia ya hewa. Ukiona uvimbe chini ya kidevu au shingoni, homa, kushindwa kufungua mdomo, kumeza kwa shida au kupumua kwa taabu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Watu wamekufa kwa sababu ya jino.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Punguza vitu vya sukari katikati ya milo.

2. Usiweke aspirini juu ya ufizi, wala maji ya betri au petroli ndani ya jino. Huunguza nyama ya mdomo na hayatibu.

3. Chunguza vinywa vya watoto. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni jino la utoto na huliacha lioze.

4. Jino likiuma usiku kucha kisha likanyamaza, nenda ukapimwe wiki hiyo hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa jino, ufa huo ni ule mshtuko mdogo wa maji baridi. Ukiusikia leo, usingoje usiku wa kuzunguka uani.