Anajua Kondomu, Lakini Anaogopa Kuachwa

Leo tuongee juu ya jambo tunaloliona sana kliniki lakini nyumbani halisemwi.

Msichana wa miaka 19 anajua kondomu ni nini. Alifundishwa shuleni. Lakini mpenzi wake akikataa kuivaa, ananyamaza. Si ujinga. Anaogopa kuachwa.

Hofu hii yaweza kuanza utotoni. Mwaka wa 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda, akawatembelea akina mama wenye watoto wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Aliona kwamba mtoto anayeitikiwa vizuri na mama huenda kucheza bila wasiwasi. Akishtuka, hurudi kwa mama. Wengine walilia na kung'ang'ania hata wakiwa wamebebwa. Baadaye, huko Marekani, alieleza pia wale wanaojifanya hawamhitaji mama.

Tabia hizi huweza kumfuata mtu ukubwani, ingawa si lazima. Wa kung'ang'ania hukubali mengi ili asiachwe. Wa kujitenga huona afadhali kulala na mtu ambaye hana haja naye kesho. Lakini usijilaumu, mama. Hata kijana wa miaka 15 anaweza kujifunza kumwamini mtu mzima, awe baba, nyanya au mwalimu.

Mara nyingi naulizwa, "Sista, nikimwambia mambo hayo si nitamfungua macho?" Hapana. Mwongozo wa UNESCO wa 2018, uliopitia uchunguzi mwingi, unasema mafunzo haya hayawaharakishi vijana kuanza ngono.

Basi usimwite kikao umhutubie. Ongeeni mkichambua sukuma wiki. Muulize, "Akikataa kondomu, utamjibu nini?" Mwache ayatamke mwenyewe: "Bila kondomu, sitaki." Mvulana naye aulizwe, wao tunawasahau sana.

Na siku akija usiku akilia kwamba kondomu imepasuka, usianze na "nilikuonya." Saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi baada ya hatari huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Tembe za dharura za kuzuia mimba nazo hufanya kazi zaidi zikimezwa mapema. Kama alilazimishwa, mpeleke hospitali usiku huo huo, kabla hajaoga, na nguo alizovaa mzibebe katika mfuko wa karatasi.