Siri ni Ndoana

Si kila mchezo ni wa kupotezea wakati. Katika baadhi ya michezo ya kompyuta ya siku hizi imo elimu ambayo mtu mzima angeistaajabia, na imo pia sumu ambayo kijana hawezi kuitambua upesi. Leo tunapenda kuuzungumzia mmoja wao, uitwao Crusader Kings III, uliotolewa mwezi wa Septemba 2020 na kampuni ya Paradox ya Sweden. Tunauzungumzia kwa sababu umeichukua kazi moja ya utawala ambayo kwa kawaida hufanywa milango ikiwa imefungwa, yaani kupanga njama na kufanya mapatano ya siri, ukaianika hatua kwa hatua mbele ya macho ya kila mwenye kutaka kuona.

Mchezaji hushika nafasi ya mtawala wa zama za kati, akiwa mfalme, sultani au bwana wa jimbo dogo. Anaweza kuanza, kwa mfano, mwaka 867 au mwaka 1066, na kila mtawala wake anapofariki huendelea na mrithi wake, hadi mwaka 1453. Vita vimo, lakini si silaha pekee. Mwenye jeshi dogo anaweza kumwangusha mwenye jeshi kubwa kwa kumteka, kwa kumuua kwa siri, au kwa kumvuta upande wake polepole kwa maneno matamu.

Njama hizo hazifanyiki kwa kubahatisha. Kila njama ya uhasama ina kiwango cha matumaini ya kufanikiwa na kiwango cha usiri, na vyote viwili huonyeshwa kwa tarakimu. Ili kuyaongeza matumaini hayo, mwenye njama hutafuta washirika, na washirika walio bora ni wale walio karibu na anayekusudiwa: mkewe, ndugu yake, mtumishi wa nyumba yake. Wengine huingia kwa chuki, wengine kwa zawadi, na wengine kwa kulazimishwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mchezo huu umeifanya methali hiyo kuwa hesabu. Kwa upande wa pili, anayekusudiwa naye ana mkuu wake wa majasusi, ambaye kazi yake mojawapo ni kuzifichua na kuzivuruga njama zinazomlenga bwana wake.

Lakini sehemu tunayoiona kuwa na mafunzo makubwa zaidi ni ile ya siri zenyewe. Mkuu wa majasusi anaweza kutumwa katika baraza la mtawala mwingine kwenda kuchungua yaliyofichwa: nani aliua, nani ana mtoto wa nje, nani anaficha itikadi yake. Siri ikipatikana, si lazima itangazwe. Yafaa zaidi kumwendea mwenyewe na kumnong'oneza kwamba inajulikana. Tangu saa hiyo huwa amenaswa, na mchezo wenyewe huliita deni hilo kwa neno ambalo sisi watu wa bahari tungelifasiri kuwa ndoana. Iko ndoana dhaifu, ambayo hutumika mara moja ikakatika. Iko na ndoana madhubuti, ambayo hutumika tena na tena kila miaka ikipita. Aliyenaswa hulazimika kukubali ndoa asiyoitaka, au kubadilisha masharti ya utii wake, au kujiunga na njama ya mtu anayemchukia. Naye hawezi kusema kwa nini amekubali.

Watunzi wa mchezo hawakuisahau dhamiri. Mtawala mwenye huruma akiua, au mwenye ukweli akitumia vitisho na uongo, hupandwa na mfadhaiko, na mfadhaiko ukizidi humharibu. Hilo ni jambo jema kufundishwa.

Pengine msomaji atauliza: hayo ya wafalme wa kale yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana, kwani visiwa hivi viliwahi kuwekwa juu ya meza ya mchezo kama huo, na waliocheza hawakuwa vijana mbele ya kompyuta.

Tukumbuke mwezi wa Novemba 1884. Carl Peters na wenzake walifika Zanzibar wakiificha nia yao, wakavuka kwenda bara, na kwa muda wa wiki chache wakajikusanyia mikataba katika nchi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, iliyoandikwa kwa lugha ambayo waliotia alama zao hawakuijua. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku ya pili yake, tarehe 27, Serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuzilinda nchi hizo. Sultani Barghash alipopata habari alilalamika. Jibu alilopewa ni manowari za Kijerumani, zilizotia nanga mbele ya mji mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Njama ilikuwa imekwisha kukamilika kabla ya aliyekusudiwa kujua kuwa ipo.

Ama ndoana, mfano wake ni bora zaidi. Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitia saini tamko la kuahidi kuuheshimu uhuru wa masultani wa Maskati na Zanzibar. Ahadi hiyo ilitolewa kwa ajili yetu, au ndivyo ilivyosomeka. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikapatana, na mkataba ukatiwa saini tarehe 1 Julai: Ujerumani ikaukubali ulinzi wa Uingereza juu ya Unguja na Pemba, nayo ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Ukanda wa pwani ya bara ukaenda kwa Wajerumani, kwa malipo ya Mark milioni 4 kwa Sultani. Hapo Ufaransa ikaitoa ahadi ya mwaka 1862 na kuivuta kamba. Je, iliivuta ili kuuokoa uhuru wa Zanzibar? La. Tarehe 5 Agosti 1890 iliukubali ulinzi wa Uingereza juu yetu, na Uingereza ikaukubali ulinzi wa Ufaransa juu ya Madagaska. Kisiwa kikalipiwa kwa kisiwa, na ahadi iliyowekwa kuwa ngao yetu ikageuka kuwa bei yetu.

Hapa ndipo tunapoona upungufu mkubwa wa mchezo huo. Ndani yake mkulima na mvuvi huonekana kama hesabu ya kodi na idadi ya askari. Mchezaji akilitoa jimbo, hakuna sauti ya bibi kizee imuulizayo kwa ruhusa ya nani. Kijana aliyezoea kutazama ramani kutoka juu anaweza kujifunza kuwaona watu kama walivyoonekana na wale walioketi Berlin na London. Hatusemi kwamba mchezo upigwe marufuku. Marufuku huwa ni mnada wa kukitangaza kilichokatazwa. Tunasema kwamba mwalimu wa historia katika skuli zetu angefanya vyema kuuchukua mkataba wa mwaka 1890, akawauliza wanafunzi wanaoujua mchezo huo: nani hapa alikuwa mchezaji, nani alikuwa mshirika, na nani alikuwa kete?

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno jingine. Hatukatai kwamba dola ina siri zake za halali. Ulinzi wa nchi hautangazwi sokoni, na wazee wanaosuluhisha ugomvi hawaanzi kwa kupiga ngoma. Siri ya namna hiyo humlinda mwananchi. Lakini iko siri nyingine inayomlinda mtendaji dhidi ya mwananchi: bahasha iliyopokewa kimya kimya, kifungu cha mkataba kilichofichwa, ahadi aliyopewa mgeni bila ya wenye ardhi kujua. Anayeiweka siri hiyo hudhani ni mali yake. Kwa hakika ni mali ya yule mwengine aliyekuwapo chumbani, naye ataivuta kamba siku atakayopenda yeye, huku mtendaji akitia saini jambo la pili ili la kwanza lisijulikane, na la tatu ili la pili lisijulikane.

Dawa yake mchezo wenyewe unaionyesha, ijapokuwa wachezaji wengi huipita bila ya kuizingatia: siri ikishatangazwa, hakuna tena awezaye kutishwa kwayo. Kwa hiyo tunawausia wote waliokabidhiwa kalamu ya umma wajiulize, kabla ya wino kukauka, kama wataweza kuyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya watu wa Makunduchi au wa Micheweni, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Wakiona hawataweza, basi waiweke kalamu chini.