Swali la Kijana Juu ya Maji na Barafu: Jinsi Fizikia Inavyosomwa Darasani na Nyumbani

Tukitia katika jokofu chombo cha maji ya moto pamoja na chombo kingine cha maji yasiyo moto, ni maji yapi yatakayoganda kwanza? Karibu kila mtu atajibu mara moja kwamba ni yale yasiyo moto, kwa kuwa safari yao ya kufikia barafu ni fupi. Jibu hilo laonekana kuwa la busara. Lakini kijana mmoja wa shule ya sekondari alilitilia shaka, akachekwa, na mwishowe swali lake likachunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi. Habari zake zafaa kujulikana na kila mzazi mwenye mtoto anayesoma fizikia, na kila mwanafunzi anayedhani kwamba elimu hiyo imefungiwa ndani ya vitabu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa katika kidato cha tatu, Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wavulana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba, na kila mmoja aligombea yake. Siku moja mwenzake alitia maziwa bila kuyachemsha ili asikose nafasi. Mpemba, kwa hofu hiyo hiyo, akatia yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu wakafungua. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito kama uji.

Mpemba alimwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa na kwamba jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kwamba yeye huitia jokofuni ikiwa moto ili igande upesi. Basi sasa alikuwa na mashahidi wawili: macho yake mwenyewe, na mtu aliyepata riziki kwa kazi hiyo.

Alipofaulu kuingia Shule ya Mkwawa, Iringa, alifundishwa kanuni ya Newton juu ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Alijibiwa kwa mzaha kwamba fizikia ya namna hiyo ni yake peke yake. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimkejeli kwa maneno hayo. Msomaji aliyewahi kuchekwa mbele ya darasa anaujua uzito wa jambo hili. Wengi hukata shauri palepale kwamba hawatauliza tena.

Mpemba hakufanya hivyo. Siku moja alikuta maabara ya biolojia i wazi. Akachukua bilauri mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na ya pili maji ya moto, akaziweka katika jokofu. Baada ya saa moja si maji yote yaliyokuwa yameganda, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi katika bilauri ya maji ya moto.

Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, alifika Mkwawa kutoa hotuba juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Mpemba akasimama akamwuliza kwa nini maji ya digrii 100 huganda kabla ya maji ya digrii 35, ikiwa vyombo ni sawa na maji ni sawa kwa kipimo. Wanafunzi wakacheka. Dk. Osborne naye alidhani kwamba kijana amekosea, lakini hakumdharau, aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio hilo, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja habari hizo katika jarida liitwalo Physics Education, na jambo hilo laitwa kwa jina la Mpemba hata leo.

Huenda msomaji akauliza: maji ya digrii 100 hapana budi yapite digrii 35 kabla ya kuganda, yakifika hapo, yana tofauti gani na yale yaliyoanzia hapo? Hili ndilo fumbo lenyewe. Jibu moja ni kwamba yakifika hapo si maji yaleyale, kwa kuwa mengine yamekwisha kwenda zake kwa mvuke. Kila mama aliye na mtungi anaijua nguvu ya mvuke. Maji hupenya kidogo kidogo katika udongo wa mtungi, hukauka kwa nje, na yakikauka huchukua joto, nayo yaliyobaki ndani huwa baridi. Kugeuza gramu moja ya maji kuwa mvuke kwahitaji joto lipitalo mara tano lile la kuipandisha gramu hiyo kutoka digrii 0 hadi digrii 100.

Lakini mvuke peke yake hautoshi kueleza yote. Osborne alipotandaza mafuta kidogo juu ya maji, yalichelewa kuganda kwa saa nyingi, akatambua kwamba joto jingi hutoroka kupitia uso wa maji. Tena chombo cha moto huweza kuyeyusha sakitu iliyo chini yake, kikagusana vizuri zaidi na ubaridi wa jokofu. Wala wataalamu hawajapatana. Mwaka 2016 Burridge na Linden, wa Uingereza, walisema kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha, na kwamba kuinua au kushusha kipimajoto kidogo tu kwaweza kubadili matokeo.

Basi mwanafunzi aliye na jokofu nyumbani na ajaribu mwenyewe. Achukue mikebe miwili iliyo sawa, atie maji kwa kipimo kimoja, na aiweke juu ya kipande cha ubao, si juu ya sakitu. Asitumie chombo cha kioo, kwani chaweza kupasuka. Aamue kabla ya kuanza maana ya kuganda: je, ni barafu ya kwanza kuonekana, au ni maji yote kuwa magumu? Aandike saa, arudie mara nyingi, na kila mara abadilishe jambo moja tu. Akipata jibu tofauti na la Mpemba, aliandike vilevile alivyoliona.

Asiye na jokofu na aweke kivulini, penye upepo, mikebe miwili ya maji, mmoja ukiwa umezungushiwa kitambaa kilicholowa. Baada ya saa mbili atagusa maji ya kila mkebe na kuona ni yapi yaliyo baridi zaidi. Hiyo nayo ni fizikia, ingawa haina maabara wala ada.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mpemba angalinyamaza siku ile alipochekwa, swali lake lingalikufa pamoja na kicheko kile. Kwa hiyo mtoto akileta swali la ajabu kutoka shuleni, au jikoni, tusimwambie kwamba haliwezekani. Tumwambie: haya, twende tukajaribu.